Baba tuliyemzika ana jina jingine kwenye mkataba

Shangazi, shikamoo.

Naomba unishauri kabla mimi na kaka yangu hatujafika pabaya. Baba yetu alifariki mwaka jana, Korogwe. Alikuwa mzee sana. Umri wake tulikuwa tunaukadiria tu, maana ukimuuliza anakwambia alikuwa mtoto wa kuchunga mbuzi wakati wa vita vya Hitla, basi. Tumezaliwa sita, mimi ndiye kitinda mimba na ninaishi Dar es Salaam. Mama yupo, ni Mzigua wa huko huko.

Baba alikuwa mtu wa mkonge maisha yake yote. Alianza kwa kukata, akahamia korona, ile mashine ya kukamua majani ya mkonge, mwisho akawa mnyapara, mpaka shamba lilipodorora miaka ya 1980 wakaanza kupunguza watu. Ukimuuliza kwao ni wapi alikuwa na jibu moja: "Kwetu ni mkonge." Tulikua tukijua kwamba alitoka bara, na bara ni kubwa. Shuleni nilipotakiwa kujaza kabila nilijaza la mama.

Ila alikuwa na vitu vyake. Akipanda mahindi alihesabu mashimo kwa sauti ya chini, "rimwe, kabiri, gatatu", sisi tukidhani ni mchezo wake wa kutuchekesha. Akisalimiana na mtu aliyemzidi umri alipiga makofi taratibu, viganja vimekunjwa kidogo, huku ameinamisha kichwa. Na mtu yeyote akitoka Kigoma alimwagiza mawese, akiyapata anayatia kwenye maharage mwenyewe jikoni, hataki mtu amsaidie.

Siku ya maziko alikuja mzee mmoja wa Kinyamwezi, anatembea kwa fimbo, waliishi kambi moja zamani. Tulipomaliza kufukia akasogea kaburini akapaza sauti: "Leo Muha kalala! Kodi ya Mwami nani atalipa? Mimi silipi!" Wazee wawili watatu wakacheka, ni utani wao. Kaka yangu mkubwa alikasirika, akaagiza yule mzee apelekwe kwenye kivuli.

Baada ya arobaini mama akaniambia nifungue sanduku la bati la baba nitoe nguo za kugawa. Chini kabisa, ndani ya nailoni, nikakuta kadi ya TANU, kadi ya NPF, ule mfuko wa akiba ya wafanyakazi, na vitu viwili ambavyo sijawahi kuviona. Kimoja ni kipande cha kazi, kile chenye visanduku 30, vimejazwa kama nusu kwa penseli ya bluu, vingine vitupu. Ni cha shamba moja la Muheza, ambako baba hakuwahi hata kutuambia kama aliishi. Cha pili ni karatasi ya mkataba ya SILABU. Ina alama ya dole gumba, na imeandikwa Wilaya Kasulu, Mwami Theresa Ntare, jina la kijiji, jina la baba mzazi, na jina la mwenye mkataba. Hilo jina si la baba yetu, Shangazi. Baba tumemzika kwa jina la Kiislamu, na hata ubini wake kwenye kadi ya TANU ni mwingine. Lakini kwa nini akae na karatasi ya mtu mwingine miaka yote hiyo?

Nikamwonyesha mama. Akaiangalia, akairudisha kwenye nailoni, akasema: "Baba yenu angetaka mjue angewaambia." Kaka ndiye kaukataa mjadala kabisa. Anasema nikianza kuchokonoa nitatuletea watu wa Kasulu wadai nyumba na shamba, kwa sababu mirathi bado haijagawanywa na yeye ndiye msimamizi. Halafu anasema siku hizi ukianza kujitangaza kwamba asili yako ni kule mpakani utaitwa Mrundi, watoto wasumbuliwe vitambulisho.

Sasa kisomo cha kutimiza mwaka ni mwezi ujao. Mimi ndiye niliyepewa kazi ya kuandika historia ya marehemu kwenye kijitabu kidogo, ili wajukuu wawe nayo. Nimekaa mbele ya karatasi nimeshindwa. Niandike jina lipi? Niende Kasulu? Na nikiandika "alizaliwa bara" kama kaka anavyotaka, si nitakuwa nimewadanganya watoto wetu?

Kitinda mimba

* * *

Marahaba mwanangu. Pole kwa msiba, Mungu amlaze mzee mahali pema.

Kwanza nikuondolee haraka ya Kasulu. Mwezi mmoja hautoshi, na hutaki kwenda kubisha hodi kwa watu huku una tarehe ya mchapaji kichwani. Kijitabu kinaweza kuandikwa vizuri kwa mlivyo navyo sasa. Tena mna vingi kuliko familia nyingi za mkonge, ambazo zimebaki na panga la kukatia na picha moja ya kitambulisho.

Hebu tuzisome hizo karatasi taratibu, maana nadhani wewe na kaka yako mmeliona jina mkashtuka, mengine hamkuyatazama.

SILABU ilikuwa ofisi ya wenye mashamba ya mkonge ya kuajiri watu kwa mikataba. Ilianza 1944, wakati wa vita, mkonge ulipohitajika kuliko wakati wowote. Maajenti wake walikwenda Kigoma, Songea, Njombe na kwingineko kuliko mbali na mashamba, kule ambako kodi ilidaiwa kwa fedha taslimu na kazi ya fedha haikuwepo. Kijana alipimwa, akaweka dole gumba, akapewa blanketi na posho ya njiani, akapakiwa treni. Mwami Theresa Ntare naye anajulikana: alitawala Heru, huko Kasulu, miaka ya baada ya Vita vya Pili, na utawala wa machifu ulifutwa nchi nzima 1963. Kwa hiyo mkataba huo ni wa kipindi hicho. Unganisha na mbuzi wa wakati wa Hitla, na unamwona kijana wa miaka 18 au 20, miaka ya 1950. Sasa mna umri wake, au kitu kinachoukaribia.

Muulize mama jambo moja dogo: baba aliwahi kusimulia alifikaje Tanga? Reli ya Kati na reli ya Tanga hazikuwa zimeungana mpaka 1963, ilipofunguliwa njia ya Ruvu mpaka Mnyusi. Wa kabla ya hapo walishuka treni ya Kigoma njiani, wakamaliziwa safari kwa lori. Mzee aliyepanda lori huwa hasahau, maana ndipo vumbi na matapishi yalipokuwa. Kama mama anakumbuka habari ya lori, hiyo nayo ni tarehe.

Halafu kipande. Mfanyakazi alipomaliza kazi ya siku aliyopimiwa, kisanduku kimoja kilijazwa. Vikitimia 30 ndipo alilipwa, na kipande kilichokamilika kilirudi kwa karani. Mtu hakuondoka nacho. Cha baba yenu kimeishia nusu, ni cha shamba la Muheza, naye alikuja kujulikana Korogwe kwa jina jingine. Mimi nimekulia jirani na mashamba hayo, na wazee wa huko wakisikia mambo hayo matatu pamoja watatabasamu. Watakwambia huyo alikuwa mtoro.

Sisemi hivyo kumvunjia heshima. Kuukimbia mkataba chini ya Mwingereza lilikuwa kosa la jinai, mtu alipelekwa mahakamani kwa kuacha kazi. Lakini watu waliacha, kwa sababu ya mnyapara mkorofi, kwa sababu ya kazi ya siku iliyoongezwa matita, au kwa sababu shamba la jirani lilikuwa na maji mazuri na posho ya haki. Mkongwe wa kukata alijua alichokuwa anakikimbia: tita ni majani 30, kila jani lina mwiba nchani ambao lazima uondolewe, na utomvu wake unawasha ngozi mpaka usiku. Mtu alivuka usiku kwenda shamba jingine akaandikishwa upya, na ni mpumbavu gani angeandikisha jina lilelile? Wengine jina lilibadilika kwa njia nyingine kabisa. Karani wa pwani alisikia jina la Kiha akaandika alichoweza kutamka. Kijana alisilimu, au alitaka kuoa binti wa Kizigua wa Kiislamu, akapewa jina jipya na akalipenda. Inawezekana kwa baba yenu yote matatu yalitokea. Hakuna hata moja linalomfanya mwongo, na jina alilowalea nalo ndilo jina lake. Lile la kwenye mkataba ndilo mama yake mzazi alimwita. Kijitabu kina nafasi ya yote mawili.

Unaniuliza kwa nini alikaa na karatasi hizo. Nakujibu kwa kukuuliza: kama alitaka zipotee, jiko la kuni lilikuwa hatua ngapi kutoka kitandani?

Sasa mama yako. Ulikosea mlango, si nia. Ulimletea karatasi ukamuuliza huyu ni nani, naye akasikia mumewe anashtakiwa akiwa kaburini. Rudi kwake, safari hii acha sanduku mahali pake. Kaeni mnachambua mboga, umuulize habari za posa yake. Nani alikuja kuposa? Kijana wa kambi, hana baba wala mjomba upande ule, hakuja peke yake mbele ya wazee wa Kizigua. Lazima kuna watu walisimama kama wazee wake, wakajibu "huyu ni mtoto wa nani", wakatoa mahari au sehemu yake. Mara nyingi walikuwa watu wa kwao waliokaa naye mstari mmoja, maana makambi yaligawanywa kwa makabila, Waha huku, Wabena kule, Wamakonde kule. Mama anawajua hao watu kwa majina. Muulize pia kama cheti cha ndoa kipo, na sheikh aliyefungisha aliandika bin nani. Mwanamke akianza kusimulia posa yake hanyamazi upesi, nakuhakikishia.

Yule mzee wa Kinyamwezi mlimkosea. Kaka yako alimpeleka kivulini mtu pekee pale makaburini aliyejua marehemu ni nani. Mtani ana haki yake kwenye msiba, na alichofanya ni kumtaja mwenzake kwa kabila na kwa Mwami wake mbele ya watoto wasiojua, huku anacheka ili isiwe aibu. Usingoje kisomo. Nenda Jumamosi hii, chukua sukari na kanga ya mkewe kama yupo, mwombe radhi kwa niaba ya nyumba, kisha mwache akutanie mpaka achoke. Usimwulize "baba yangu alikuwa nani". Muulize habari za kazi: walilala wangapi chumba kimoja, nani alipika, walikwenda wapi siku ya mshahara, mnyapara gani alichukiwa. Muulize mgomo. Wa Mazinde wa 1958 ulidumu wiki nyingi na wazee wa Korogwe wanaukumbuka, kila mmoja anajua alikuwa upande gani na alikula nini. Rekodi kwa simu, kwa ruhusa yake. Mzee wa umri ule ukisema utarudi mwezi ujao unajidanganya.

Kadi nazo usizidharau. TANU ilianzishwa 1954, kwa hiyo tazama kadi ilitolewa lini na tawi gani. NPF ilianza baada ya uhuru, sheria yake ni ya 1964, na leo mrithi wake ni NSSF. Namba ya uanachama iliyo kwenye kadi inaweza kukuonyesha alisajiliwa na mwajiri gani. Kumbukumbu za Taifa pale Dar es Salaam kuna mafaili ya idara ya kazi ya wakati wa ukoloni, na kwa kuwa unaishi hapo hapo unaweza kuomba kibali ukasome. Usiende ukitafuta jina la baba, hutalipata. Nenda kama unataka kujua makambi ya Muheza yalikuwaje miaka aliyokuwepo. Na kabla ya yote hayo, toa karatasi kwenye nailoni, inashika unyevu na penseli itafutika. Zipige picha mbele na nyuma, wape ndugu zako wote nakala, kisha zikae kwenye bahasha ya karatasi.

Nimefika kwa kaka yako, na hapa nitasema polepole kwa sababu hofu yake moja ni ya kweli.

Nyinyi ni Waislamu. Kama baba yenu aliacha mtoto Kasulu, mtoto huyo ni mrithi sawa na nyinyi. Kama aliacha mke na hakumpa talaka, naye ana swali lake. Msimamizi wa mirathi aliyeteuliwa na mahakama anatakiwa kuwataja warithi wote anaowajua, na akificha mtu kwa makusudi uteuzi wake unaweza kutenguliwa na ugawaji ukafunguliwa upya miaka mingi baadaye, watu wameshajenga. Kwa hiyo kunyamaza hakumlindi kaka. Akae na sheikh anayejua mirathi, aonane na karani wa Mahakama ya Mwanzo iliyomteua, aeleze kwamba kuna karatasi zinaonyesha marehemu alitoka Kasulu akiwa kijana na kwamba hamjui kama aliacha familia. Watamwambia afanye nini. Hapo anakuwa amejilinda yeye na nyinyi.

Lakini pia asimwumbie baba yenu mke ambaye hakuna aliyemtaja. Mmeona mkataba wa kijana. Vijana wengi walitoka kwao bila mke, tena wengine walitoka ili watafute mahari.

Hofu yake ya pili, ya kuitwa Mrundi, nisikudanganye kwamba haina msingi. Kiha na Kirundi vinasikilizana, wakati wa mkonge watu walivuka mpaka ule kwa miguu, na kuna watu wanasumbuliwa mpaka leo. Ila karatasi mliyo nayo inasema Kasulu, mmezaliwa Korogwe, mama yenu ni Mzigua. Hiyo karatasi inawasaidia kuliko neno "bara" ambalo halithibitishi chochote. Mwambie kaka hivyo, lakini mwambie mkiwa wawili tu, asionekane ameshindwa na kitinda mimba mbele ya wake za ndugu zenu.

Kasulu mtakwenda, naamini, ila baada ya kisomo na baada ya mirathi kuwekwa sawa, na itapendeza kaka awe mmoja wa msafara. Kijiji kilichoandikwa kwenye mkataba kinaweza kisiwepo pale kilipokuwa, maana mwanzoni mwa miaka ya 1970 watu wa Kigoma walihamishwa kwenye vijiji vya ujamaa, mji ukahamia barabarani na makaburi yakabaki mlimani. Anzeni kwa mwenyekiti wa kijiji, mumwombe wazee. Tajeni jina la babu yenu kwanza, la baba baadaye, kwa sababu babu ndiye anayejulikana. Kama baba aliwahi kubatizwa kabla ya kusilimu, Mapadri Weupe walikuwa na misheni maeneo hayo, Kabanga ikiwa mojawapo, na rejista ya ubatizo huandika baba na mama wa mtoto. Huenda huko mkapata jina la bibi yenu, ambalo hakuna karatasi ya mkonge ingeliandika. Na salimuni kama alivyokuwa anasalimu yeye, kwa makofi. Mlifundishwa bila kujua.

Jambo moja watu hulisahau: wenyeji nao watawaogopa. Mtu ametoka na treni miaka ya 1950, hakurudi, shamba lake wamelima wengine, na sasa watoto wake wanashuka na gari. Tamkeni mapema kabisa kwamba hamkuja kudai ardhi. Pia jiandaeni kusikia kwamba walishamwekea matanga zamani, kwa sababu manamba, yaani kibarua wa mkataba, asiyeandika barua alihesabiwa amekufa. Hapo msianze kumtetea wala kumlaumu. Toeni picha yake ya uzeeni muwape washike.

Turudi kwenye kijitabu. "Alizaliwa bara" ni kweli, lakini ni kweli ya kivivu. Mimi ningeandika hivi, nawe urekebishe kwa utakayosikia kwa mama na kwa yule mzee:

"Marehemu alizaliwa Kasulu, mkoani Kigoma, miaka ya 1930. Akiwa kijana alichukua mkataba wa mkonge akaja Muheza, kisha akahamia Korogwe ambako alifanya kazi mpaka miaka ya 1980, kwanza mkata mkonge, baadaye mtu wa korona, mwisho mnyapara. Kwao aliitwa" (weka jina la mkataba) "mwana wa" (weka jina la babu), "na Korogwe tulimjua kwa jina la" (weka jina lake). "Alipenda maharage yenye mawese, na alihesabu mashimo ya mahindi kwa Kiha."

Baada ya hapo endelea na miaka ambayo mliishi naye, nayo ndiyo mingi. Usiiruke kwa sababu umepata siri. Wajukuu watataka kujua alikuwa anarudi nyumbani saa ngapi ananuka korona, alimchapa nani na kwa kosa gani, alipopunguzwa kazi aliishije. Eleza shamba lenyewe lilikuwaje, singa, yaani nyuzi za mkonge, nyeupe zimeanikwa kwenye nyaya mpaka mwisho wa macho. Mwaka 1964 nchi hii ilitoa zaidi ya tani 230,000 za mkonge, na wa kwanza duniani tulikuwa sisi. Baba yenu alikuwa mmoja wa walioukata, na bei ilipoporomoka kwa sababu ya kamba za nailoni naye alikuwa mmoja wa walioumia. Mtoto aliyezaliwa Dar es Salaam hajui hata harufu yake.

Utoro wa Muheza usiuandike bado. Hiyo ni dhana yangu na yako mpaka mtani wake aseme. Akisema kwa kinywa chake, andika na umtaje kwamba ndiye aliyesimulia.

Rasimu ikikamilika msomee mama kwa sauti, mkiwa wawili, kabla haijaenda kwa kaka na kabla haijaenda kwa mchapaji. Akikwambia jina la Kasulu litolewe, litoe kwenye nakala hii, umwombe akubali libaki kwenye daftari lako pamoja na picha za karatasi. Sidhani kama atakwambia hivyo.

Shangazi